Mwaka Aketch Alipoacha Chai

Mwaka wa tisini na tatu, Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja, na ile ploti ya vyumba sita nyuma ya stesheni ya Ruiru ikajaa watu waliojinyima. Jumanne, Kulthum wa chumba cha kwanza hakuwasha jiko asubuhi. Jumatano Emmaculate wa chumba cha tatu akarudi kutoka misani na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akajifunga leso kiunoni, akainama mferejini kufua nguo, majivu yake yakiwa palepale kama barua iliyopigwa muhuri.

Aketch wa chumba cha tano alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni na kikombe cha chai mkononi. Kilikuwa kikombe cha pili, na jua lilikuwa bado halijafika kwenye kamba ya nguo.

"Na nyinyi waliookoka," Emmaculate akamuuliza bila kuinua kichwa, "nyinyi mnafunga lini?"

"Tunafunga pasta akitangaza."

"Na asipotangaza?"

"Basi hatufungi."

"Kumbe mnakula kwa imani."

Kulthum, aliyekuwa akingoja ndoo yake ijae, akacheka huku ameziba mdomo na upindo wa mtandio. "Mwache mwenzako, Emma. Ana mtoto wa kunyonya. Hata kwetu anayenyonyesha ameruhusiwa kula, atazilipa siku zake baadaye."

Aketch akacheka pamoja nao, lakini neno lile lilimkaa. Jumapili iliyopita Pasta Zacharia alikuwa amesema katika kanisa lao la mabati kwamba majivu ni ya jikoni, na kwamba mtu aliyeokoka ana Pasaka kila siku, hana haja ya kuhesabu siku arobaini kama mfungwa anayengoja kutolewa. Watu waliitikia amina. Aketch naye aliitikia, tena kwa sauti. Sasa alimtazama Emmaculate, mwanamke mwenye mdomo ambaye mwenye ploti mwenyewe alimwogopa, na kumbe asubuhi hiyo alikuwa amekatiza soko lote la Ruiru na majivu usoni bila kuona haya. Alimtazama Kulthum, ambaye angekaa kwenye cherehani yake na kiu mpaka jua lizame. Yeye kila Jumapili aliinua mikono na kumwambia Mungu kwamba amempa vyote. Alipofikiri vizuri hakukumbuka kumpa hata kikombe.

Akaimaliza ile chai, kwa sababu kumwaga maziwa nako ni dhambi. Akasuuza kikombe, akakiinamisha juu ya meza. Siku arobaini, akasema moyoni, bila chai.

Kwa mtu asiyemjua Aketch hilo lingeonekana jambo dogo. Lakini yeye aliamka kwa chai na kulala kwa chai. Chakula asingeweza kukiacha, kama Kulthum mwenyewe alivyosema, kwa sababu ya Ronny, aliyekuwa na miezi minane na akinyonya kama anayedai haki yake. Akaamua kwamba uji atakunywa, ugali atakula, lakini ile chai nyekundu yenye maziwa, inayochemka hadi kufurika na kuzima moto, hataigusa.

Kisha akatafuta Neno linasemaje juu ya kufunga, akakuta kwamba ni jambo la siri. Anayefunga asikunje uso. Anawe, ajipake mafuta kichwani, watu wasijue. Aketch alikuwa amesoma mpaka darasa la nane na alikuwa na tabia ya kusoma kitu na kukifanya kama kilivyoandikwa. Kila asubuhi akanawa uso kwa sabuni, akachota mafuta ya mgando kwenye mkebe wa Ronny, akayapaka nywele, masikio na paji la uso mpaka akang'aa. Hakumwambia mtu. Hata Philip mume wake hakumwambia. Philip alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Thika, zamu ya asubuhi, akiondoka kabla kuku hawajashuka, na mtu anayekimbilia gari hatazami kikombe cha mke wake kina nini.

Mtihani wa kwanza ulikuja kesho yake tu, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wa akina mama, na ushirika ulikuwa nyumbani kwa Mama Waweru, huko Mugutha.

Huyu Mama Waweru ni lazima aelezwe. Alikuwa Mkikuyu wa makamo, mjane, mnene wa mikono, mwenye ng'ombe wawili na kipande cha shamba ukingoni mwa mashamba ya kahawa. Ndiye aliyekuwa akileta maziwa pale kwenye ploti Aketch alipofika kutoka Yala, upande wa ziwa, akiwa bibi harusi asiyejua hata duka liko wapi. Ndiye aliyempeleka kanisani na kumshika mkono siku aliyookoka. Uchungu wa Ronny ulipoanza, Philip akiwa kazini, ni Mama Waweru aliyeweka madebe yake ya maziwa chini katikati ya ploti, akampeleka Aketch hospitali, akakaa naye. Na aliporudi nyumbani na mtoto, Mama Waweru alikuja siku tisa mfululizo kumwogesha na kumpikia njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwao hupikiwa mzazi ili maziwa yashuke. Aketch hakuyapenda. Aliyala yote. Mama yake mzazi alikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Hapa Ruiru mama yake alikuwa huyu, na hakuwa na mwingine.

Sasa ushirika wao ulikuwa na desturi mbili ambazo hazikuvunjwa. Ya kwanza, kabla ya maombi ya mwisho, kila mtu alitakiwa kuwa nuruni. Aliyekuwa na neno moyoni juu ya mwenzake alilisema hapo hapo, wakasameheana, wakaimba pambio. Ya pili, baada ya pambio, walikunywa chai ya ng'ombe wa Mama Waweru. Chai hiyo ilikuwa kama sahihi chini ya barua. Dada aliyesema amesamehe halafu asinywe chai, alikuwa hajasamehe.

Aketch hakulifikiria hilo mpaka kikombe kilipofika mbele ya pua yake.

"Asante, Mama. Leo sitakunywa."

Mama Waweru akabaki ameinama na birika. "Imekosa sukari?"

"Hapana. Nimeshiba tu."

"Umeshiba chai? Wewe?"

Akina mama wakacheka. Aketch naye akacheka, akajipangusa mafuta yaliyokuwa yakimtiririka kando ya sikio. Mama Waweru akampa mama mwingine kile kikombe, lakini akageuka mara mbili kumtazama.

Alhamisi ya pili ikawa vilevile. Aketch alikuwa amejipanga vizuri zaidi, akasema tumbo linamsumbua. Mama mmoja, mke wa Opiyo aliyefanya kazi na Philip kiwandani, akamtazama uso ulivyong'aa, akatazama kikombe alichokisukuma, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Jumamosi yake Philip alirudi mapema, akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja na kukishika.

"Opiyo ananipongeza," akasema.

"Kwa nini?"

"Ndiyo nimeuliza hivyo hivyo. Ananiambia, niaje baba watoto, umejaza nyumba. Kiwanda kizima kinajua Ronny anapata mdogo wake, isipokuwa mimi."

Aketch akashika mdomo. "Nani kasema?"

"Mke wake. Ati umeanza kukataa chai na kung'aa uso. Na kweli unang'aa, Mama Ronny. Nilifikiri ni mimi ninayekutunza vizuri."

Ikabidi amwambie. Philip akasikiliza, kiatu mkononi. Yeye alikuwa ameokoka kwa utulivu, mtu wa viti vya nyuma.

"Kwaresima ile ya Wakatoliki?"

"Siku arobaini alizofunga Yesu. Yeye hakuwa Mkatoliki."

Philip akafikiri. "Hilo kweli. Lakini mafuta punguza. Mto umekuwa kama chapati."

Kicheko hicho kilimsaidia Aketch siku kadhaa. Lakini upande wa Mugutha hakuna aliyecheka. Mama Waweru hakuamini habari ya mimba. Aliwahi kuzaa sita, na alijua mwanamke mwenye mimba anavyotembea. Yeye aliona kitu kingine. Aliona mtoto wake wa kiroho anakuja nyumbani kwake, anaimba, anaomba, halafu anakataa maziwa ya ng'ombe wake. Alhamisi ya tatu alimwekea chai katika kikombe cha maua, kile cha wageni, akakishikilia kwa mikono miwili.

"Hata kidogo tu, Mama Ronny."

Aketch akamtazama. Angeweza kusema nimefunga, na mambo yakaisha. Lakini mbele ya wanawake kumi na wawili siri ingekuwa siri gani? Na kama habari ingemfikia pasta kwamba anafuata mambo ya majivu? Akasema, "Nisamehe, Mama," kwa sauti ndogo. Mama Waweru akarudisha kikombe jikoni. Hakurudi mpaka akina mama walipoanza kuaga.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja kwenye ploti bila maziwa. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Akaingia chumbani, akakaa kwenye stuli, akakataa kuegemea ukuta.

"Bwana asifiwe, Mama Ronny."

"Amina, Mama."

"Nimekuja nuruni. Sijalala. Nimejua kwa nini huwezi kunywa kwangu."

Aketch akafungua mdomo kumweleza yote, lakini Mama Waweru akainua kiganja.

"Wacha nimalize, nikinyamaza sitaweza tena. Mwezi wa kwanza pasta aliniuliza kama tukupe watoto wa shule ya Jumapili. Alitaka kukupa. Mimi nikamwambia hapana. Nikamwambia hawa watu wa ziwa hawakai. Hii kura ya rais imeisha vibaya, watu wamekasirika, siku moja utasikia wamepakia vitu wamerudi kwao, na watoto wabaki bila mwalimu. Ndiyo maana uliambiwa usubiri. Najua umeshaambiwa, mdomo wa watu hauna kufuli. Ninaomba unisamehe."

Aketch hakuwa ameambiwa. Tangu Januari alikuwa akisubiri kwa furaha. Jioni alikuwa akiwakusanya watoto wa ploti kwenye ngazi na kuwasimulia habari za Danieli na simba, kujizoeza, mpaka mtoto wa Emmaculate alikuwa akimwita mwalimu. Na aliyefunga mlango alikuwa ndiye huyu.

"Nimekusamehe, Mama," akasema. Waliookoka wana jibu hilo mdomoni tayari, na lilitoka lenyewe.

Mama Waweru akapumua, akafuta macho, akambusu Ronny kichwani, akaenda zake. Alikuwa ameingia na mzigo na ametoka bila mzigo. Mzigo ulikuwa umebaki juu ya kitanda cha Aketch.

Siku zilizofuata alizunguka na maneno yale kama mtu mwenye kijiwe kiatuni. Hawa watu wa ziwa. Alipofua aliyasikia, alipomenya viazi aliyasikia. Siku zile tisa za njahi, Mama Waweru alikuwa akimwogesha mtu wa ziwa? Alhamisi ya nne hakwenda Mugutha. Maziwa yaliyoletwa aliyapokea mlangoni na kusema asante bila kumtazama anayeleta. Kuacha chai kukawa rahisi kabisa, kwa kuwa hakuwa na hamu ya kitu chochote. Halafu jambo moja likamchoma. Watu walikuwa wamemshuku kuwa na kinyongo, akiwa hana. Sasa hawamshuku tena, na anacho.

Siku moja, ili kubadilisha mawazo, alimuuliza Emmaculate siku arobaini zao zinaisha lini.

"Pasaka."

Aketch akahesabu kwa vidole, akarudia. "Si zinazidi? Mimi napata arobaini na sita."

"Jumapili hazihesabiwi. Jumapili tunapumzika, hata nyama mtu anakula."

"Mnafunga na likizo?"

"Hata serikali inapumzika," Emmaculate akasema, akampiga bega na nguo mbichi. "Kwani wewe unahesabu za nini?"

Idi ilifika siku ya Alhamisi. Kulthum alikuja mwenyewe na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, amevaa dera jipya, mikono ina hina.

"Na wewe unafungua lini?" akauliza, akiweka sahani.

Aketch akajifanya hakuelewa.

"Mama Ronny, mwezi mzima nimekaa na kiu. Unafikiri siwezi kumjua mwenzangu? Mtu aliyefunga hukitazama kikombe cha mwenzake kwa namna yake. Ulikuwa ukitazama kikombe cha Emmaculate hivyo. Lakini sasa huangalii kikombe. Unaangalia chini. Kuna kitu kingine."

Aketch akamweleza. Kulthum akakaa kitandani bila kuambiwa, akala kidogo kwenye ile ile pilau aliyoileta.

"Mimi leo asubuhi nimeenda kwa wifi yangu huko Mwiki," akasema. "Tangu mwezi wa nane hatujasalimiana, kwa ajili ya cherehani. Sikutaka kwenda. Nimeenda nimekunja sura hivi. Nimemwambia, nimekuja kwa sababu ni Idi, sijakuja kwa sababu nakupenda. Akaniambia, na mimi nakufungulia kwa sababu ni Idi. Tukatazamana, tukacheka mpaka watoto wakatoka nje kuona. Nimerudi tumbo limejaa keki yake."

"Ulimsamehe?"

"Sijui. Lakini nilimwambia kweli. Wewe huyo mama yako ulimwambia nini?"

"Nimemsamehe."

"Na ni kweli?"

Aketch akaifunika tena ile pilau. Kulthum akamwachia sahani.

Jumamosi, siku yake ya thelathini na mbili bila chai, Aketch alimfunga Ronny mgongoni, akaifuata njia ya kahawa mpaka Mugutha. Mawingu ya mvua ndefu yalikuwa yamekusanyika upande wa Thika na upepo ulinuka vumbi linalongoja maji. Alimkuta Mama Waweru nyuma ya nyumba akiwakatia ng'ombe majani kwa panga. Mama Waweru alipomwona akasimama wima, panga limening'inia.

"Karibu. Keti hapo kwenye gunia."

"Sitaketi kwanza, Mama. Nimekuja nuruni."

Mama Waweru akaweka panga chini polepole.

"La kwanza," Aketch akasema, "sikuwa na kinyongo na wewe. Nilikuwa nimefunga chai. Nafanya Kwaresima."

"Unafanya nini?"

"Kwaresima. Siku arobaini. Nilitaka iwe siri."

Mama Waweru akamkazia macho. "Kwa hivyo hukujua. Habari ya watoto hukuwa umeambiwa."

"Na mtu yeyote."

"Haiya. Nikaja mimi mwenyewe, na kitambaa cha Jumapili, nikajichoma bure."

"Ulijichoma, na mimi ukanichoma. Hilo ndilo la pili. Nilisema nimekusamehe na ulikuwa uongo. Niliona uchungu. Bado ninao. Ulisema tutapakia vitu turudi kwetu. Nikapakie nini, Mama? Mtoto wangu wewe ndiye ulimpokea. Kama wewe unaniona mgeni, hapa Ruiru mimi ni wa nani?"

Ng'ombe mmoja akavuta majani, akatafuna akiwatazama. Mama Waweru akakaa yeye kwenye lile gunia.

"Nikikuambia nilikosea tu, nitakuwa napaka sukari," akasema. "Ulikuwa ubaya. Tuliongea hivyo siku zile, kila mtu, na mimi nikaongea. Hapo mbele palikuwa na majirani, watu wa kwenu, walinunua maziwa kwangu miaka saba. Baada ya kura nikaamka nikakuta wamepakia lori. Hawakuniaga. Nilikasirika. Nikajiambia hata yule wangu ataondoka hivyo, basi nisimpe watoto wa kuwaacha. Nikakufungia wewe mlango kwa sababu ya watu walioondoka."

"Mimi ningekuaga."

"Najua sasa."

"Hata sasa hujui. Ningekuaga, halafu ningekataa kwenda."

Mama Waweru akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine, akajifuta uso na mkono wenye majani, akabaki na mstari wa kijani shavuni. Aketch akakaa kando yake kwenye gunia. Halikuwatosha. Wakasukumana kidogo kwa nyonga, na hakuna aliyesimama. Uchungu haukuisha wote pale pale, Aketch aliuhisi bado upo. Lakini ulikuwa umepungua ukawa wa kubebeka, na wa kubebwa na watu wawili.

Baadaye jikoni Mama Waweru alishika birika, akakumbuka, akalirudisha.

"Umefunga majani ya chai au umefunga maziwa?"

"Chai."

"Maziwa ni chai?"

"Maziwa si chai," Aketch akakubali.

"Na sukari?"

"Sukari sikuitaja."

"Basi huyo Mungu wako ni mtu wa kuelewana naye," Mama Waweru akasema, akamchemshia maziwa matupu kikombe kikubwa, akaketi mbele yake kumtazama akinywa mpaka chini, kama mtu anayemwangalia mgonjwa akirudisha nguvu.

Njiani kumsindikiza, akasema, "Kesho nitasimama kanisani. Nilimharibia mtu jina kwa pasta, nitalitengeneza mbele ya pasta."

"Simama, Mama. Lakini hii ya Kwaresima usiiseme."

"Niwe nuruni nusu?"

"Sema ya watoto tu."

"Nikisema ya watoto wataniuliza nilijuaje, nitasema ni chai. Wakiuliza chai gani? Mama Ronny, hii kitu ina mkia, haiwezi kuingia nusu."

Aketch hakulala vizuri. Jumapili akakaa kiti cha nyuma karibu na Philip, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakujipaka mafuta. Wakati wa ushuhuda Mama Waweru akasimama, mnene, taratibu, akasema yote. Alisema juu ya watu wa ziwa na lori, na wengi mle ndani, wa pande zote, waliokuwa wamesema maneno kama hayo siku zile, wakatazama viatu vyao. Kisha akaingia kwenye habari ya chai. Aketch akamshika Philip kidole.

Pasta Zacharia akasimama, mwembamba, miwani mkononi. "Dada Aketch."

"Naam, Pasta."

"Ni kweli unafuata Kwaresima?"

"Ni kweli, Pasta. Lakini majivu sikupaka."

"Nani alikufundisha?"

"Ni majirani tu. Niliwaona wanaacha kitu, nikaona mimi sijaacha."

Pasta akavaa miwani, kama anayetaka kumwona vizuri. "Na umeacha nini?"

"Chai, Pasta."

Kwenye viti vya nyuma mtu akasema, "Yesu," kwa huruma ya kweli. Kicheko kikaanzia viti vya akina mama kikasambaa. Pasta alijaribu kubaki na uso wa madhabahuni, akashindwa. Alijulikana Ruiru nzima kwamba hahubiri kabla ya vikombe viwili.

"Siku ngapi sasa?"

"Thelathini na tatu."

"Mimi nisingefika Ijumaa," Pasta Zacharia akasema. "Kaa chini, dada. Umalize. Na mimi nitayapeleka yale maneno yangu ya majivu kwenye maombi." Kisha akageuka kwa Mama Waweru. "Mama, wale watoto wana mwalimu?"

"Wanaye. Ni yule pale nyuma."

Watoto walikuwa kumi na mmoja, kwenye kibanda kilichoezekwa bila kuta kando ya kanisa, mabenchi mawili na ubao uliopasuka. Aketch alisimama mbele yao, asijue aanze wapi, na Ronny mgongoni akaanza kulia. Mama Waweru, aliyekuwa amemfuata nyuma, akafungua leso bila kuuliza, akamhamishia Ronny mgongoni kwake, akajifunga. Mtoto akanusa, akamtambua, akanyamaza.

"Endelea, Mwalimu," Mama Waweru akasema, akatoka naye kwenye jua, na Aketch akamsikia huko nje akimwimbia kwa Kikuyu, akizunguka kanisa pole pole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka Danieli akaingia kwenye tundu la simba na kutoka.